Kadi ya Delta, ya United au ya American: ipi inamlipa anayeishi Marekani na kwenda Afrika Mashariki?

Ndani ya ndege za Marekani, kabla ya kutua, mhudumu hutangaza kadi ya mkopo ya shirika na kupitisha fomu: jiunge leo upate maili elfu hamsini, sitini au zaidi. Ofa ni ya kweli, lakini fomu ile haisemi jambo kubwa kuliko yote kwa msafiri wa kwetu. Kati ya Delta, United na American, hakuna shirika linalopeleka ndege yake Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe wala Kigali. Delta na United hufika Accra, Lagos, Johannesburg na Cape Town. Anayekwenda Afrika Mashariki hukabidhiwa kwa mshirika njiani: KLM, Air France au Kenya Airways kwa upande wa Delta, Ethiopian, Brussels Airlines, Lufthansa au Turkish kwa upande wa United, Qatar Airways au British Airways kwa upande wa American. Na sehemu kubwa ya faida zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo ya kadi hizi hukoma pale unapopanda ndege ya mshirika.

Ndiyo maana kadi hizi zinatakiwa kupimwa mara mbili: inakulipa nini ukisafiri ndani ya Marekani, na inakulipa nini kwenye safari ya nyumbani. Majibu hayalingani. Hapa tumechukua kadi ya ngazi ya kati ya kila shirika, kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi kwa mtu wa kawaida. Ada ni zile zilizokuwa zikitozwa mwaka 2025, baada ya Delta kupandisha yake mwaka 2024 na United kufuata mwaka 2025.

| | Delta SkyMiles Gold | United Explorer | AAdvantage Platinum Select |
|---|---|---|---|
| Benki | American Express | Chase | Citi |
| Mtandao wa malipo | Amex | Visa | Mastercard |
| Ada, mwaka wa kwanza | dola 0 | dola 0 | dola 0 |
| Ada, miaka inayofuata | dola 150 | dola 150 | dola 99 |
| Begi la kwanza bure | wewe na hadi wenzako 8 | wewe na mwenzako 1 | wewe na hadi wenzako 4 |
| Kwenye ndege zipi | za Delta | za United tu, na tiketi ulipie kwa kadi hiyo | za American, safari za ndani ya Marekani |
| Makato ya kulipia nje ya nchi | hakuna | hakuna | hakuna |
| Bima ya safari kuchelewa | haina | ipo | haina |
| Maili kufa | hazifi | hazifi | hazifi ukiwa na kadi |

Ada na begi: hesabu ya kwanza

Mwanzoni mwa 2024 begi la kwanza kwa safari za ndani lilipanda hadi dola 35 kwenye mashirika yote matatu, na American na United zikaweka dola 40 kwa anayesubiri kulipia uwanjani. Tuchukue 35. Kwenda na kurudi ni dola 70 kwa begi moja.

Msafiri wa peke yake anayepanda ndege mara moja kwa mwaka hafikii ada ya kadi yoyote hapo juu kwa mabegi peke yake. Akisafiri mara mbili anaokoa 140: ya American imeshajilipa, ya Delta na ya United bado zinamdai dola 10. Picha hubadilika familia ikiingia. Baba, mama na watoto watatu wakienda harusi Seattle na kurudi, kila mmoja na begi lake, wanaokoa dola 350 kwa kadi ya Delta na 350 kwa ya American. Kwa United wanaokoa 140 tu, maana kadi inamhudumia mwenye kadi na mtu mmoja. Kwa familia kubwa tofauti hii pekee inatosha kuamua, na wengi hawaisomi kwa sababu iko kwenye maandishi madogo.

Kuna masharti matatu ambayo huwanyima watu begi hili kaunta, na kila kadi ina lake. United inataka tiketi inunuliwe United kwenyewe na ilipiwe kwa Explorer. Ukinunua kwa wakala au kwa kadi nyingine, unalipia begi hata kama Explorer iko mfukoni. Delta haidai tiketi ilipiwe kwa kadi yake, lakini namba yako ya SkyMiles, mpango wa maili wa Delta, lazima iwe kwenye buking, na wote mnaotaka begi bure muwe kwenye buking hiyo moja. Mkinunua tiketi mbili mbili kwa nyakati tofauti, walio kwenye buking nyingine wanalipa. American inataka namba ya AAdvantage, mpango wake wa maili, ya mwenye kadi iwe kwenye buking siku 7 kabla ya safari. Anayekumbuka kuiingiza usiku wa kuamkia safari ameshachelewa.

Kuhusu vocha: Delta Gold hutoa dola 200 za tiketi ukitumia dola 10,000 kwenye kadi ndani ya mwaka wa kalenda. Platinum Select hutoa 125 ukitumia 20,000 ndani ya mwaka wako wa kadi na kisha ukalipia mwaka unaofuata. Usizihesabu kama punguzo la ada mpaka uwe na uhakika kwamba matumizi yako ya kawaida, yaani chakula, mafuta na bili za simu, yanafika huko bila kulazimisha. Anayenunua vitu visivyohitajika ili kufikisha 10,000 amelipa ada kubwa kuliko ile ya 150. Explorer nayo huleta pasi mbili kwa mwaka za kuingia United Club, kumbi za kusubiria za United, na hizi zina kazi halisi kwa anayesubiri ndege ya Ethiopian pale Dulles, uwanja wa Washington, kwa saa tano na watoto, mradi ukumbi una nafasi.

Safari ya nyumbani: begi lako tayari limo kwenye tiketi

Watu wengi huchukua kadi wakifikiri itawapa begi la ziada la kubebea zawadi. Kwa kawaida haitakupa. Sheria ya usafiri wa anga ya Marekani inataka tiketi moja iwe na kipimo kimoja cha mizigo kutoka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho. Ukinunua tiketi moja ya Minneapolis–Amsterdam–Nairobi, kipimo cha safari ndefu ndicho kinachotumika hata kwenye kipande cha ndani ya Marekani. Tiketi nyingi za Ethiopian na Qatar kati ya Marekani na Afrika zina mabegi mawili ya kilo 23. Tiketi nafuu kabisa za kupitia Ulaya zinaweza kuja bila begi lolote, na hapo tofauti ya bei unayoiona mtandaoni inamezwa kaunta. Kabla ya kulipa, fungua sehemu ya mizigo ya tiketi hiyo hiyo, usome idadi ya mabegi na kilo.

Kuna hali moja ambapo kadi inaokoa pesa hata kwenye safari ya nyumbani: tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mtu wa Columbus, Ohio, anapata tiketi nzuri ya Ethiopian kutoka Washington hadi Kilimanjaro, halafu ananunua kipande cha Columbus–Washington peke yake kwa United. Kipande hicho sasa ni safari ya ndani yenye bei zake za mabegi, na Explorer inafuta begi la kwanza la watu wawili. Lakini begi la pili analipia, na ndege ya kwanza ikichelewa akakosa ya Ethiopian, hakuna shirika linalowajibika kumpandisha nyingine. Akae na saa za kutosha katikati, na ikiwezekana afike jana yake.

Hapa ndipo bima ya Explorer inapopata thamani. Safari ikichelewa zaidi ya saa 12, au ikakulazimu kulala njiani, inarudisha hadi dola 500 kwa kila tiketi kwa hoteli, chakula na mahitaji ya lazima. Begi likichelewa zaidi ya saa 6 inatoa hadi dola 100 kwa siku, kwa siku 3. Inafanya kazi hata ukiwa umepanda shirika jingine, alimradi nauli ulilipia kwa kadi hiyo. Madai hukwama kwa sababu moja mara nyingi kuliko nyingine zote: mtu hana barua ya shirika inayotaja sababu na muda wa kuchelewa. Iombe palepale kaunta au kwa barua pepe siku hiyo hiyo, weka risiti zote, na usisubiri urudi Marekani ndipo ufungue madai. Delta Gold haina bima ya kuchelewa. Citi iliondoa sehemu kubwa ya bima za safari kwenye kadi zake Septemba 2019, kwa hiyo Platinum Select usiitegemee hata kidogo kwa jambo hili.

Maili zenyewe: zinakufikisha wapi

American ndiyo yenye bei inayotabirika zaidi kwa upande wetu. Ina jedwali la tuzo, yaani orodha ya maili zinazotakiwa kwa tiketi, kwa ndege za washirika, na kutoka bara la Marekani hadi Afrika jedwali hilo limekaa muda mrefu kwenye maili 40,000 kwa daraja la kawaida na 75,000 kwa daraja la biashara, kwenda tu. Qatar Airways inashuka Nairobi, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe na Kigali, kwa hiyo bonasi moja ya kujiunga inaweza kumleta mtu hadi mlangoni. Tatizo ni nafasi: viti vya daraja la biashara vya Qatar kwa maili za American hutoka vichache na huchukuliwa haraka. Wavuti ikikuonyesha njia ya British Airways kupitia London, tazama tozo kabla ya kushangilia. British Airways huweka tozo nzito juu ya maili, na "tiketi ya bure" inaweza kukudai mamia ya dola.

United haitozi nyongeza ya mafuta kwenye tiketi za maili za washirika. Unalipa maili na kodi za serikali na viwanja, basi. Ethiopian huondoka Washington, Newark, Chicago na Atlanta kwenda Addis Ababa, na kutoka hapo hufika karibu kila mji mkubwa wa kanda yetu, Bujumbura ikiwemo. Brussels Airlines inashika Entebbe, Kigali na Bujumbura. Kwa mtu wa Burundi, Rwanda au Uganda, maili za United ndizo zenye njia nyingi zaidi.

Delta ilifuta jedwali lake mwaka 2015. Bei ya tuzo hupanda na kushuka na ya tiketi za pesa, na mwenye Gold hupata punguzo la asilimia 15 la maili, lakini kwa safari zinazorushwa na Delta yenyewe. Kipande cha KLM au Kenya Airways hakimo. Maili za Delta zinafaa zaidi kwa safari za ndani zinapopunguzwa bei, na kama unasafiri Marekani kwa Marekani mara kwa mara, huo si udhaifu. Ila kama lengo lako ni Nairobi au Dar, udhaifu upo. Tena tiketi ya bei ya chini kabisa ya Delta haiingizi maili yoyote; anayenunua hiyo kila mara hakusanyi kitu kwa kuruka, anakusanya kwa matumizi ya kadi peke yake.

Wengi huzitumia maili kumleta mzazi kwa mahafali au kujifungua. Usihamishe maili kwenda akaunti ya mama. Mashirika hutoza ada ya kuhamisha inayokaribia thamani ya maili zenyewe. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta tiketi kutoka Kilimanjaro au Entebbe, andika jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, halafu lipia tozo kwa kadi yako. Hakikisha viza imeshatoka kabla ya kutoa tiketi, na soma masharti ya kufuta, kwa sababu tiketi inayoanzia nje ya Marekani inaweza kuwa na masharti tofauti na ile inayoanzia Marekani.

Huduma kwa wateja: milango ni miwili

Malalamiko mengi kuhusu kadi hizi yanatokana na kupiga simu mlango usio wake. Kadi ina jina la shirika la ndege mbele, lakini mkopo ni wa benki. Bonasi haijaingia, ada ya mwaka, riba, kadi imeibiwa, muuzaji amekutoza mara mbili: hayo ni ya benki, namba iko nyuma ya kadi. Begi limetozwa kaunta, tiketi ya maili imeharibika, ndege imefutwa, jina limekosewa: hayo ni ya shirika. Ukiyachanganya, mhudumu wa benki atakuambia kwa dhati kabisa uwapigie Delta, na wa Delta atakurudisha benki.

Kwa benki zenyewe, American Express ndiyo iliyo mbele. Simu hupokelewa usiku na mchana, na kwenye programu yao unaweza kuchati na mtu halisi, mazungumzo yakabaki pale kama ushahidi. Chase hupokea simu vizuri na ina ujumbe wa siri ndani ya akaunti. Jibu huchukua muda zaidi, lakini linakuja kwa maandishi. Citi imekuwa ya tatu kwa kadi hizi: mambo madogo huisha kwa chati, yenye kuhitaji uamuzi huzunguka idara hadi idara. Kwa vyovyote, siku ya kuomba kadi piga picha ya skrini yenye ofa: idadi ya maili, kiasi cha kutumia, na muda. Ofa hubadilika wiki hadi wiki, na mhudumu wa simu anaona ile ya leo. Saa ya kutimiza matumizi huanza siku ulipokubaliwa, si siku kadi ilipofika kwa posta, na ada ya mwaka haihesabiwi kama matumizi.

Ukiwa Mwanza au Kisumu na kadi imekwama, namba ya bure ya Marekani inaweza isipigike. Nyuma ya kadi kuna namba ya pili, ya kupiga ukiwa nje ya nchi kwa gharama ya benki. Iandike kwenye karatasi uiweke mbali na kadi, kwa sababu siku utakayoihitaji huenda ndiyo siku pochi imepotea.

Malipo yenye mgogoro yana sheria yake tangu 1974. Una siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa ilipotumwa. Kitufe cha kupinga malipo kwenye programu hutosha kwa mambo ya kawaida, lakini haki ya kisheria inashikiliwa na barua, itumwe kwenye anwani ya masuala ya bili iliyo kwenye taarifa, si ile ya kupelekea malipo. Benki inatakiwa kukiri kuipokea ndani ya siku 30 na kumaliza ndani ya mizunguko miwili ya bili, isiyozidi siku 90. Kiasi kinachobishaniwa hulazimiki kukilipa wakati huo. Kilichobaki lazima ukilipe kwa wakati.

Ndege ikifutwa, usikimbilie benki kwanza. Kanuni iliyoanza kutumika mwishoni mwa Oktoba 2024 inalitaka shirika lirudishe pesa ndani ya siku 7 za kazi kwa malipo ya kadi ya mkopo, kama safari imefutwa au imesogezwa saa 3 kwa safari za ndani na saa 6 kwa za kimataifa, nawe hukukubali safari mbadala. Neno zito hapo ni kukubali. Ukibonyeza kitufe cha kupokea safari mpya au vocha, haki ya pesa imeondoka. Na kama ulinunua kwa wakala, angalia jina lililoandikwa kwenye taarifa ya kadi. Likiwa la wakala, ni wakala anayewajibika kurudisha. Watu wetu wengi hununua kwa wakala wa jumuiya anayemjua kila mtu, na hakuna ubaya, lakini jueni hilo mapema. Jueni pia kwamba malipo hayo yanaweza yasihesabiwe kama ununuzi wa tiketi: badala ya maili 2 kwa dola utapata 1.

Mwaka wa kwanza wa kadi ukitimia: fanya uamuzi, usiache ada ipite

Ada ya pili huingia kimyakimya kwenye taarifa baada ya mwaka kutimia. Weka kengele kwenye simu wiki mbili kabla. Ukiona ada imeingia, kwa kawaida una siku 30 tangu taarifa hiyo kufunga kadi na kurudishiwa yote. Fuata mpangilio huu:

1. Piga simu, sema unafikiria kufunga kadi kwa sababu ya ada. Utapelekwa idara ya kubakiza wateja. Uliza wana ofa gani ya kukubakiza. Wakati mwingine ni maili kadhaa baada ya matumizi fulani, wakati mwingine ni punguzo kwenye taarifa, wakati mwingine hakuna.
2. Ofa ikiwa ndogo, omba kuhamishiwa kadi isiyo na ada ya familia hiyo: Gold kwenda Delta Blue, Explorer kwenda United Gateway, Platinum Select kwenda AAdvantage MileUp. Akaunti inabaki na umri wake, na skoa yako ya krediti, yaani alama ya jinsi unavyolipa madeni, haiguswi. Tahadhari na MileUp: hutoza asilimia 3 kwa malipo ya nje ya nchi, kwa hiyo usiende nayo nyumbani.
3. Funga kabisa pale tu unapokuwa na kadi nyingine za muda mrefu.

Usifanye lolote kati ya haya kabla ya miezi 12. American Express hasa inaweza kuzichukua tena maili za bonasi kwa anayefunga au kushuka daraja ndani ya mwaka wa kwanza.

Kinachokula faida yote

Riba. Kadi hizi hutoza asilimia 20 na kitu hadi karibu 30 kwa mwaka. Deni la dola 2,000 lililolala kwa asilimia 25 linakugharimu zaidi ya dola 40 kwa mwezi. Maili ulizopata kwa kutumia hizo 2,000 zina thamani ya dola 20 hadi 30, mara moja tu. Mtu asiyeweza kulipa deni lote kila mwezi hana faida kwenye kadi hata moja kati ya hizi, na tunasema hivyo bila kuzunguka.

La pili ni kutuma pesa nyumbani. Ukiweka kadi ya mkopo kwenye programu ya kutuma pesa ili iingie M-Pesa ya ndugu, mara nyingi benki huihesabu kama kutoa pesa taslimu: ada ya dola 10 au asilimia 5, chochote kilicho kikubwa, riba inaanza siku hiyo hiyo, na maili hupati. Tumia akaunti ya benki au kadi ya debiti.

La tatu liko kwenye mashine ya kadi hotelini. Skrini inauliza: ulipe kwa dola au kwa shilingi? Chagua shilingi, kila mara. Ukichagua dola, mashine inabadilisha kwa kiwango chake yenyewe, kibaya kuliko cha Visa au Mastercard, na kule "kutokatwa makato nje ya nchi" hakukusaidii tena. Mhudumu mwingine hubonyeza dola kwa niaba yako akidhani anakurahisishia. Mwombe akuonyeshe skrini. Na ukiwa na Amex peke yake, jiandae kukataliwa: Visa na Mastercard hupokelewa kwenye hoteli na maduka makubwa ya Nairobi, Dar na Kampala, Amex ni kwa bahati. Baadhi ya hoteli Zanzibar huongeza asilimia kadhaa kwa anayelipa kwa kadi yoyote, kwa hiyo uliza bei ya taslimu kwanza.

Nani achukue ipi

Anza na uwanja wako. Anayeishi Atlanta, Minneapolis au Detroit amezungukwa na Delta. Gold inamfaa akiwa na familia na safari za ndani, na kwa Afrika Mashariki akubali kwamba maili zake si nyepesi. Aliye karibu na Newark, Dulles, Houston, Denver au Chicago achukue Explorer, hasa akisafiri peke yake au na mwenzi, kwa sababu ya Ethiopian na bima. Aliye Dallas, Charlotte au Philadelphia achukue Platinum Select: ada ndogo, begi la watu watano kwa safari za ndani, na Qatar hadi nyumbani. Bima ya safari ainunue pembeni.

Asiye na shirika maalumu, anayenunua tiketi iliyo nafuu wakati huo, asichukue yoyote kati ya hizi. Chase Sapphire Preferred ni dola 95 kwa mwaka, haikati malipo ya nje, ina bima ya kuchelewa ya saa 12 na dola 500 kama Explorer, na pointi zake zinahamia United au Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, pointi moja kwa maili moja. Haina begi la bure, lakini tumeshaona begi hilo linakoishia.

Mpangilio wa kuomba una uzito pia. Chase hujulikana kwa kumkataa aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24, kwa hiyo anayetaka Explorer au Sapphire aombe hizo kwanza. American Express hutoa bonasi ya kila kadi mara moja tu maishani, hivyo Gold subiri ofa ikiwa juu ndipo uombe. Citi hairudii bonasi ya kadi ile ile mpaka miezi 48 ipite tangu uipokee mara ya mwisho.